Ndege Hujifunzaje Kuimba?



Akina mama wanaofuga kuku na bata wanaijua desturi hii ya zamani. Yai la bata huwekwa chini ya kuku anayeatamia, naye kuku hulitotoa na kumlea kifaranga kama wake. Mtoto huyo husikia sauti ya kuku tangu siku ya kwanza. Huitwa kwa sauti hiyo, hukemewa kwa sauti hiyo, na hulala chini ya mbawa za mama huyo. Hata hivyo akikua halii kama kuku. Hulia kama bata, ingawa hakufundishwa na bata yeyote. Naye jogoo akilelewa peke yake, asisikie jogoo mwingine hata mara moja, siku zake zikifika atawika tu.

Kwa kuona hayo, wengi wetu hudhani kwamba ndege wote wako hivyo. Kwamba kila mmoja hutoka ndani ya yai na wimbo wake tayari kooni. Katika somo la mwezi huu tutaona kwamba sivyo. Wako ndege wengi sana ambao wasipofundishwa hawaimbi sawasawa. Jambo hili si dogo, kwa maana kitu kinachopatikana kwa kufundishwa chaweza pia kupotea. Mwishoni tutamtazama ndege mmoja ambaye hivi sasa yu katika hatari ya kuusahau wimbo wa wazee wake.

1. WANAOJIFUNZA NA WASIOJIFUNZA

Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 10,000 za ndege duniani. Karibu nusu yao ni wa kundi moja kubwa liitwalo ndege waimbaji. Humo wamo shomoro, chozi, kurumbiza, mnana, na hata kunguru, ingawa sauti yake haitupendezi. Ndege wa kundi hili hujifunza sauti zao kwa kusikia. Kasuku nao hujifunza, kama kila aliyemfuga ajuavyo. Lakini kuku, bata, kanga, njiwa na hua huzaliwa na sauti zao.

Yafaa pia tutofautishe mlio na wimbo. Mlio ni sauti fupi: ya hofu mwewe anapopita, au ya kifaranga anayeomba chakula. Milio mingi ya namna hii haihitaji mwalimu. Wimbo ni mrefu zaidi, una vipande vilivyopangwa, na una kazi mbili kubwa. Kwanza ni kutangaza mpaka: "Hapa pana mwenyewe." Pili ni kumvuta mwenzi. Katika nchi za baridi mara nyingi waimbao ni madume. Kwetu katika nchi za joto, majike wengi nao huimba.

Chombo cha kuimbia chenyewe ni cha ajabu. Sisi wanadamu sauti yetu hutoka juu ya bomba la pumzi, kooni. Ya ndege hutoka chini kabisa, pale bomba linapogawanyika kwenda katika mapafu mawili. Kwa hiyo ndege mwimbaji aweza kutoa sauti moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto kwa wakati mmoja. Lakini kuwa na chombo si kujua kukipiga, kama vile kuwa na kinanda nyumbani hakumfanyi mtu kuwa mpiga kinanda.

2. VIFARANGA WASIO NA MZEE

Watu walishuku tangu zamani kwamba ndege hujifunza, lakini ilikuwa vigumu kuthibitisha, maana sikio la mtu husahau upesi. Katika miaka ya 1950, mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, jina lake William Thorpe, alipata mashine iliyoweza kuchora sauti kwenye karatasi. Sasa wimbo wa ndege uliweza kutazamwa kwa macho, na wimbo wa leo kulinganishwa na wa mwaka jana.

Thorpe alichukua vifaranga wa ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya waridi, anayejulikana sana katika bustani za Uingereza. Wimbo wake huchukua sekunde mbili au tatu hivi, una mafungu yanayofuatana, na humalizika kwa pambo la haraka. Thorpe aliwalea kwa mkono, mbali na ndege wakubwa. Walipokua waliimba, lakini ni wimbo wa kusikitisha. Urefu wake ulikaribia kuwa sawa, ila haukuwa na mafungu, wala lile pambo la mwisho halikuwapo. Ilikuwa kama mtu anayejua kwamba wimbo una beti, asiyejua beti zenyewe.

Wengine aliwalea pamoja, vijana watupu, bila mkubwa hata mmoja. Hawa walisikilizana wao kwa wao, na mwisho wakawa na wimbo mmoja unaofanana, wa ajabu, usiofanana na wa ndege yeyote wa msituni. Basi tunaona mambo mawili. Ndege huyu huzaliwa na hamu ya kuimba na kipimo fulani cha wimbo. Lakini wimbo kamili hutoka kwa wakubwa wake.

3. HATUA ZA MASOMO

Ndege huyasomaje masomo yake? Wataalamu wameyachunguza haya zaidi kwa ndege mmoja mdogo wa Australia, mwenye mistari kifuani kama punda milia, ambaye hufugwa kwa urahisi katika vizimba. Hatua zake ni tatu.

(a) Kusikiliza. Kifaranga dume anapofika siku kama 25 huanza kuushika wimbo wa baba yake. Yeye mwenyewe bado haimbi. Anauweka tu katika kumbukumbu.

(b) Kujaribu. Kuanzia siku ya 35 hivi huanza kutoa sauti ndogondogo zisizo na mpango, mithili ya mtoto mchanga anaposema "ba-ba-ba, da-da-da". Kila siku hurudia mara nyingi mno, hujisikiliza, hulinganisha na wimbo ulio moyoni mwake, kisha husahihisha.

(c) Kukomaa. Akifika siku ya 90 hivi, wimbo umetulia. Tangu hapo atauimba hivyo maisha yake yote.

Katika hatua ya pili kuna jambo la kututia moyo sisi wenye watoto shuleni. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila asubuhi wimbo wa kijana huwa mbaya kuliko ulivyokuwa jana jioni. Amelala, ameamka, na ni kama amerudi nyuma. Lakini kwa mazoezi hurekebisha tena siku hiyo hiyo. Tena wale waliorudi nyuma sana asubuhi ndio waliokuja kuuiga wimbo wa mwalimu vizuri zaidi mwishoni. Basi tusiwe wepesi wa kumkatia tamaa anayeyumba katika kujifunza.

Ili kusahihisha, sharti ndege ajisikie mwenyewe. Mwaka 1965 mtaalamu Mjapani, Masakazu Konishi, alionyesha hivyo kwa ndege wa Marekani wenye mistari myeupe na myeusi kichwani, wa jamii inayokaribiana na shomoro. Kijana aliyekwisha kuusikia wimbo wa wakubwa, kisha akapoteza uwezo wa kusikia kabla ya kuanza mazoezi, aliimba ovyo. Wimbo ulikuwamo katika kumbukumbu, lakini hakuweza kuupima na sauti yake. Yeyote aliyewahi kuimba katika kwaya atalielewa hili: si lazima kumsikia mwalimu tu, bali na kujisikia mwenyewe.

4. MWALIMU NI NANI?

Mwalimu wa kwanza kwa wengi ni baba, na kwa wengine ni majirani. Lakini je, kinasa sauti chatosha? Peter Marler, aliyesoma kwa Thorpe kisha akahamia California, aliwapigia vijana wa wale ndege wa Marekani nyimbo zilizorekodiwa. Aliona kwamba waliushika wimbo wa jamaa zao kati ya siku ya 10 na ya 50 ya umri wao. Baada ya hapo, ukanda ulipigwa bure. Na walipopigiwa wimbo wa ndege wa aina nyingine hawakuuiga.

Ilidhaniwa basi kwamba mlango umefungwa. Lakini mwaka 1984 Luis Baptista na Lewis Petrinovich walitoa habari tofauti. Wao hawakutumia ukanda. Walimweka kijana karibu na ndege hai, aliyeweza kumwona na kuitikiana naye. Hapo vijana waliopita siku 50 walijifunza, na wengine hata waliushika wimbo wa ndege wa kabila jingine kabisa. Sauti ile ile ikitoka katika mashine hupita. Ikitoka kwa mwenzako aliye hai hushika.

Hapa kwetu Afrika tuna mfano wa pekee. Yuko ndege mdogo mweusi anayeng'aa, ambaye jike lake halijengi kiota. Hutaga katika kiota cha ndege mwingine, yule mwekundu, mdogo kuliko shomoro, ambaye huokota mbegu katika nyua za vijijini. Kifaranga huyo mgeni hulelewa na wenye nyumba, akawasikia wao tu. Akikua, rangi yake ni ya wazazi waliomzaa, lakini katika uimbaji wake huiga nyimbo za baba mlezi. Robert Payne na wenzake wa Marekani walitoa mwaka 1998 matokeo ya jaribio: vifaranga wa ndege huyu walipolelewa na ndege wa aina nyingine, anayefugwa vizimbani huko Asia, waliimba nyimbo za huyo. Damu haikuchagua wimbo. Malezi ndiyo yaliyochagua.

5. LAHAJA ZA NDEGE

Palipo na kujifunza kwa jirani, hapakosi lahaja. Kama vile Kiswahili cha Mombasa si kile cha Unguja, wala cha Unguja si kile cha Lubumbashi, ndivyo nyimbo za ndege hubadilika toka mahali hadi mahali. Marler na wenzake waliona kwamba ndege wale wenye vichwa vya mistari, wakiishi pande mbalimbali za Ghuba ya San Francisco, kila upande ulikuwa na namna yake ya kuimba.

Lakini kujifunza hakumaanishi kubadilika ovyo. Katika milima ya Tanzania wako chozi wadogo wakaao kwenye misitu ya juu, kila kundi katika mlima wake, wakitengwa na nyika za chini wasizozivuka. Watafiti, miongoni mwao Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walirekodi nyimbo zao mlima kwa mlima, na habari zikatolewa mwaka 2021. Walikuta makundi mengine yaliyotengana kwa maelfu kwa maelfu ya miaka, na bado nyimbo zao zinafanana mno. Hakuna aliyewaandikia. Ni kijana kumwiga mzee kwa uaminifu, kizazi hata kizazi.

Na wako wanaojifunza wawili wawili. Tiva, ambaye huenda umemsikia kichakani, huimba kwa kupokezana: mmoja huanza, mwenzake hudakia upesi hivi kwamba msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. Thorpe aliyekuwa Cambridge alipendezwa sana na ndege hawa wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba jozi huwa na mapatano yake ya kuimba, na kwamba sauti hizo huwaunganisha wawili hao katika kichaka kizito wasipoonana.

6. KUREKEBISHA WIMBO

Je, ndege akishajifunza hawezi kubadili tena? Inategemea ni ndege gani. Yule wa milia wa Australia hubaki na wimbo mmoja. Lakini kanari hubadilisha nyimbo zake mwaka kwa mwaka, akiacha vipande vya zamani na kuongeza vipya.

Hata walio na wimbo mmoja hupima mazingira yao. Mwaka 2003 ilionekana katika mji wa Leiden, Uholanzi, kwamba ndege waliokaa penye kelele za magari walitumia sauti nyembamba zaidi kuliko wenzao wa mahali patulivu, kwa maana ngurumo ya magari ni nzito na huzimeza sauti nzito. Mwaka 2004 mtaalamu Henrik Brumm alieleza kwamba ndege waimbao Berlin, Ujerumani, hupaza sauti zaidi asubuhi za siku za kazi kuliko mwisho wa juma, magari yanapopungua.

Ushahidi mzuri kuliko yote ulipatikana wakati wa shida. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, mji wa San Francisco ulinyamaza. Kelele zilishuka hadi kiwango cha miaka ya 1950. Elizabeth Derryberry na wenzake, waliokuwa na rekodi za miaka ya nyuma, walienda kuwasikiliza wale ndege wa vichwa vya mistari. Waliwakuta wanaimba kwa sauti ya chini, tena wakifikia noti nzito walizokuwa wameziacha. Ingawa waliimba polepole, sauti zao zilisikika mara mbili ya umbali wa awali. Kumbe walikuwa wakipiga kelele kwa sababu yetu.

Na wakati mwingine wimbo mpya huenea kama habari. Huko Kanada yuko ndege mwenye koo jeupe ambaye tangu zamani alimalizia wimbo wake kwa noti tatu tatu. Magharibi mwa nchi wachache walianza kumalizia kwa noti mbili mbili. Wataalamu waliofuatilia walieleza mwaka 2020 kwamba mtindo huo umesambaa kuelekea mashariki zaidi ya kilomita 3,000. Wakati wa baridi ndege hao husafiri kusini na kuchanganyika. Yaelekea huko ndiko vijana wanakousikia.

7. WAZEE WANAPOKWISHA

Sasa tufikie jambo tulilolitaja mwanzoni. Kusini mashariki mwa Australia yuko ndege mweusi mwenye mapambo ya manjano, anayefyonza maua ya mikaratusi kama chozi wafanyavyo kwetu. Zamani walienda kwa makundi makubwa. Lakini miti waliyoitegemea iliota katika ardhi yenye rutuba, na ardhi hiyo ikafyekwa kwa mashamba na malisho. Mwaka 2021 ilikadiriwa kwamba wamebaki kati ya 300 na 400 tu porini, wametawanyika katika eneo kubwa mno.

Ross Crates na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia waliwafuata na kuwarekodi kuanzia mwaka 2015 hadi 2019. Walisikia jambo la kutisha. Kama robo ya madume, asilimia 27, waliimba nyimbo zisizo za kawaida ya eneo lao. Na asilimia 12, yaani karibu mmoja katika kila wanane, hawakujua kabisa wimbo wa kabila lao. Waliimba nyimbo za ndege wa aina nyingine waliokaa jirani. Kwa nini? Kijana ametoka kiotani, anatega sikio, hakuna mzee wa kumsikia. Basi hushika sauti yoyote inayopita.

Matokeo yake si ya masikio tu. Madume walioimba nyimbo ngeni hawakupata wenzi kwa urahisi kama wengine, kwa maana jike hutafuta wimbo anaoujua. Wasipopata wenzi, vifaranga hupungua. Vifaranga wakipungua, wazee wa kesho hupungua. Na wimbo huzidi kupotea. Hivyo upungufu huzaa upungufu.

Watu wa Australia hawakukaa tu. Katika bustani ya wanyama ya Taronga, mjini Sydney, ndege hawa hulelewa ili warudishwe porini, na iligunduliwa kwamba vijana wa vizimbani nao wana wimbo usiofanana na wa wenzao wa porini. Sasa hupigiwa nyimbo za kweli zilizorekodiwa, na madume wajuao wimbo huo huwekwa karibu nao wawe walimu. Hatukosei tukikumbuka hapa habari ya ukanda na ndege aliye hai.

8. LA KUKUMBUKA

Tunapohesabu hasara ya msitu uliofyekwa, huhesabu miti, na tukijitahidi sana huhesabu ndege. Somo hili latuambia kwamba iko hasara ya tatu isiyohesabika upesi. Ndege waweza kuwapo, wanaruka, wanakula, na bado kitu chao kimekwisha kutoweka kwa sababu waliokijua wamekwisha. Mtoto anayemnasa kifaranga kwa ulimbo na kumtia kizimbani hamnyimi uhuru tu, anamwondoa shuleni. Na anayekiacha kichaka kidogo nyuma ya shamba lake amewaachia wazee na vijana mahali pa kusikilizana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Taja ndege watano wa kijijini au mtaani kwako. Ni wepi kati yao wanaojifunza sauti zao, na ni wepi wanaozaliwa nazo?

2. Kwa nini vijana wa Thorpe waliolelewa pamoja bila mkubwa walipata wimbo mmoja, lakini si wimbo wa kweli?

3. Kuna tofauti gani kati ya kujifunza kwa ukanda na kujifunza kwa mwalimu aliye hai? Toa mfano kutoka katika maisha ya ndege, na mwingine kutoka nyumbani kwako.

4. Waulize wazee: yuko ndege gani waliyemsikia utotoni ambaye sasa hasikiki hapa? Alikaa wapi, na mahali pale pamekuwa nini leo?

5. Amka siku moja kabla ya jua kuchomoza, ukae nje kwa robo saa. Andika umesikia nyimbo za aina ngapi, kisha linganisha na wenzako katika kikundi.